Kitovu Kimoja: Bamba la Kuunganisha Injini na Giaboksi Lisiwe Kazi ya Kuotea

Jina la Buhinyuza utalikuta Gitega na utalikuta Muyinga. Ninayoisemea hapa ni ile ya Muyinga, mashariki mwa Burundi, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, ambayo tangu mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza. Katika vilima vile gari ni mgongo wa kubebea kahawa, maharage, mahindi na mgonjwa aliyezidiwa usiku, na likisimama, watu wengi husimama nalo. Linaposimama kwa sababu ya tairi au betri, tatizo ni la siku moja. Linaposimama kwa sababu injini imekufa, shimo la silinda limechanika au krankshafti imekatika, mwenye gari hujikuta mbele ya hesabu ngumu. Injini ya aina ileile haipatikani Muyinga, na kuiagiza kupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kobero kunadai fedha za kigeni, na Burundi imekaa miaka mingi na uhaba wa fedha hizo. Lakini hapohapo, nyuma ya gereji, ipo injini nzima ya gari la kampuni nyingine, lililopinduka au kuoza bodi. Inawaka vizuri. Kasoro yake ni moja tu: matundu ya boliti mgongoni mwake hayalingani na matundu ya giaboksi iliyobaki kwenye gari.

Hapo ndipo linapozaliwa lile bamba ambalo mafundi huliita adapta. Ni kipande cha chuma au aluminiamu, bapa, chenye tundu kubwa katikati na seti mbili za matundu pembeni. Seti ya kwanza inaitambua injini, ya pili inaitambua giaboksi. Ukiliona limelala kwenye benchi huwezi kulistahi, kwa maana linafanana na mfuniko wa sufuria uliotobolewa. Nami nasema kuwa bamba hili ndilo kazi yenye kipimo kigumu kuliko zote anazokabidhiwa fundi wa gereji ya kawaida katika nchi zetu. Likiharibika, aghalabu mikono na vyuma vya fundi havina kosa. Lililokosekana ni kipimo na mchoro. Wanaotaka kuyasaidia magari ya Buhinyuza yadumu barabarani wangefanya vyema kuanza na saa ya kupimia ya fundi, kabla ya kontena jingine la spea.

Tuanze na lile ambalo bamba linadaiwa kulifanya. Watu wengi hudhani kazi yake ni kushika, kwamba injini na giaboksi visiachane. Hilo ni la boliti, na boliti kumi zikikazwa sawasawa zitashika tu. Kazi ya bamba ni kuweka kitovu. Krankshafti ya injini inazunguka kwenye mstari wake, na shafti ya mbele ya giaboksi inazunguka kwenye mstari wake, na mistari hiyo miwili lazima iwe mmoja. Ncha ya shafti ya giaboksi huingia kwenye beringi ndogo iliyokaa katikati ya mkia wa krankshafti. Ikiwa vitovu vimepishana, ncha ile inalazimishwa kukaa pasipo pake, na shafti inapinda kidogo kila inapozunguka. Kidogo hicho hakionekani kwa macho. Lakini injini inayokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika inaipinda shafti ile mara 180,000 kwa saa, na katika safari ya saa tatu shafti itakuwa imepindwa na kunyooshwa zaidi ya mara nusu milioni. Chuma huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukakatika. Kabla ya kukatika utasikia beringi ikilia, klachi pleti italika kitovuni, gia itaanza kuchomoka yenyewe mlimani, na mwenye gari atalaumu giaboksi.

Kiwango ambacho mafundi wa mitambo wamekizoea kwa kazi hii ni kwamba vitovu visipishane zaidi ya milimita 0.13 hivi. Huo ni unene wa karatasi nene kidogo. Sasa tazama bamba linavyotengenezwa kwa kawaida: karatasi ngumu inabandikwa mgongoni mwa injini, inapigwapigwa kwa nyundo ndogo mpaka kingo za matundu zitoke, kisha yanahamishiwa kwenye chuma na kutobolewa kwa keekee. Boliti ya milimita 10 hupita kwenye tundu la milimita 11 ili iingie bila ugomvi. Tundu hilo peke yake limeshalipa bamba uhuru wa kuhama nusu milimita kila upande, karibu mara nne ya kiwango kinachovumilika, hata kama karatasi haikudanganya popote. Ndiyo sababu viwanda haviachii boliti kazi ya kuweka kitovu. Mgongoni mwa kila injini zipo pini mbili fupi, ngumu, zinazoingia kwenye matundu yake bila mchezo wowote. Pini ndizo zinazoonyesha mahali, boliti zinafuata kushika. Bamba lisilo na pini ni bamba lililoachwa lijitafutie mahali, na sijaona hoja yoyote ya haraka au ya bei inayoweza kulitetea.

Na kipimo chenyewe hakihitaji kiwanda. Kinahitaji saa ya kupimia, kile kifaa chenye uso wa mviringo na mshale, ambacho mafundi waliosoma kwa Kifaransa hukiita komparateri, kinachosoma sehemu moja ya mia ya milimita. Bamba likishafungwa kwenye injini pamoja na kengele ya klachi, yaani lile ganda nene linaloibeba giaboksi kwa mbele, saa inashikizwa kwenye flaiwili na ncha yake inagusishwa ukuta wa ndani wa tundu ambamo giaboksi hukaa. Kisha krankshafti inazungushwa kwa mkono, taratibu, huku jicho likiwa kwenye mshale. Tuseme mshale unatembea kutoka sifuri hadi alama ya 40, maana yake milimita 0.40. Nusu yake ndiyo upotovu wa kitovu: 0.20. Fundi analegeza boliti, anagonga bamba kwa nyundo ya mpira kuelekea upande unaodai, anazungusha tena. Alama ya 28. Anagonga tena, kwa upole zaidi. Alama ya 14. Hapo vitovu vimepishana milimita 0.07 tu, na sasa, boliti zikiwa zimekazwa na bamba halitikisiki, ndipo matundu ya pini yanatobolewa, yanalainishwa, na pini zinapigwa. Kuanzia hapo giaboksi inaweza kushushwa na kupandishwa mara ishirini na kila mara itarudi palepale. Zoezi hili lote ni la saa moja au mbili. Saa ya kupimia ya kawaida haimshindi mwenye gereji anayemudu kununua grenda, na hapa uchumi wa kunyimana vifaa unatugharimu pasipo sababu.

Kitovu kikipatikana, inabaki hesabu ya unene. Bamba la milimita 20 linaisogeza giaboksi nyuma milimita 20, kwa hiyo ncha ya shafti inakuwa fupi kwa kiasi hichohicho na haifiki kwenye beringi yake. Dawa ni kukereza bushi ndefu inayotoka mkiani mwa krankshafti kuifuata shafti, ikibakizwa nafasi ya milimita chache ili shafti isigonge mwisho wake. Ikigonga, giaboksi itakazwa kwa nguvu za boliti huku inaisukuma krankshafti mbele, na kazi ya wiki nzima itaishia kwenye beringi za injini. Klachi nayo inakuwa ndoa ya koo mbili: upana wake unafuata flaiwili ya injini, lakini meno ya katikati yanafuata shafti ya giaboksi. Shafti nyingi za Toyota zina meno 21, ile ya Land Rover za zamani ina meno 10, na klachi pleti inayotakiwa mara nyingi haipo dukani. Inabidi kitovu cha moja kiunganishwe na duara la nyingine, kwa riveti, na fundi anayejua kwamba roho za watu zitategemea riveti hizo. Stata lazima ipate mahali pake pia. Fundi aliyelisahau bamba kwa upande wa stata hulikumbuka siku gari limeshafungwa lote, na hapo tundu linachimbwa kwa moto, pabaya.

Juu ya chuma chenyewe nitapita haraka. Bamba la chuma laini la milimita 12, la sentimita 40 kwa 40, lina uzito wa kilo 15 kabla ya kutobolewa, na la aluminiamu la milimita 20 la ukubwa uleule lina kilo 8 na nusu hivi. Aluminiamu ni nyepesi na inachongeka, ila iwe ya kiwandani, bamba lililokandamizwa. Ile iliyoyeyushwa kutoka kwenye sufuria kuukuu ni laini na ina viputo ndani. Chuma kilichokatwa kwa gesi hupinda kwa joto, kwa hiyo ni lazima kisawazishwe uso kwenye kerezo kabla ya kupimwa chochote, na kerezo ndogo haizungushi kitu cha upana huo. Mashine kubwa ya kukerezea ndiyo pengo la pili la wilaya kama hizi, baada ya saa ya kupimia. Tofauti ni kwamba mashine inaweza kukodishwa kwa saa mbili huko Gitega au Bujumbura. Saa ya kupimia inatakiwa iwepo palepale gari lilipo.

Wapo watakaosema kuwa yote haya ni kuungaunga tu, na kwamba nchi haijengwi kwa magari ya kuungaunga. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu imetokana na machungu: watu wameona injini zilizoning'inizwa kwa minyororo na kulehemiwa pale zilipopaswa kufungwa. Lakini hoja inachanganya kazi mbovu na kazi yenyewe. Jeshi la Australia, kuanzia mwaka 1987, lilipokea Land Rover zilizojulikana kwa jina la Perentie. Injini yake haikuwa ya Uingereza. Ilikuwa dizeli ya Isuzu ya lita 3.9, aina ya 4BD1, iliyofungwa kwenye giaboksi ya Land Rover aina ya LT95. Injini ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza, zikaoana, na magari yale yakatumika jeshini kwa miongo. Hakuna aliyeiita ndoa hiyo uchakachuaji, kwa kuwa palikuwa na mhandisi, mchoro na kipimo. Mafundi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakifanya jambo lilelile kwenye Land Rover kongwe, wakiweka dizeli za Isuzu, Nissan na Toyota mahali pa injini ambazo spea zake zilikwisha. Wazo ni moja na vyuma ni vilevile. Wenzetu waliandika namba zao kwenye karatasi, sisi tumeziacha kichwani mwa mtu mmoja, na akihama au akifa tunaanza upya.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nami nakubali sehemu yake kubwa: kwa nini usinunue injini pamoja na giaboksi yake, ukasahau habari za bamba? Inapowezekana, fanya hivyo. Vilevile, kabla ya kukata chuma chochote, mwenye gari aulize kama kuna undugu. Dizeli za Toyota za ukoo wa L, yaani 2L, 3L na 5L zilizojaa kwenye Hilux na Hiace, zinaelewana mgongoni, na giaboksi nyingi za Toyota zina kengele inayofunguka, kwa hiyo wakati mwingine kubadili kengele kunatosha na bamba halihitajiki kabisa. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo hata kama anapoteza kazi. Lakini giaboksi ngeni inakuja na madai yake: propela shafti ya urefu mwingine, mahali pengine pa kukaa mkono wa gia, na kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, sanduku la kugawa nguvu ambalo halitakubali kuhamishwa. Burundi watu wanaendesha upande wa kulia wa barabara, huku magari mengi yakiwa na usukani wa kulia kwa sababu yametoka Japani, na kila badiliko la ndani linagongana na pedali, nguzo ya usukani na bomba la moshi kwa namna ambayo kitabu cha kiwanda hakikuiwaza. Mara nyingi giaboksi iliyopo, iliyozoea gari lake, ndiyo ya kubaki.

Ya tatu ni usalama, na hapa siko tayari kumtetea fundi yeyote. Injini ya Isuzu niliyoitaja ina nguvu ya kuzungusha inayokaribia mara mbili ya dizeli ya zamani ya Land Rover ya lita 2.25, na ina uzito mkubwa zaidi. Giaboksi nyepesi na hafu shafti za gari lile hazikutengenezwa kubeba hilo, na breki za ngoma zilizotosha gari la mwendo wa pole hazitatosha gari lililopata mbio ghafla kwenye mteremko wa Ruvubu likiwa na magunia na watu juu yake. Anayebadili injini bila kutazama breki, springi za mbele na raba za kukalia injini amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ni ya hatari. Namba ya injini kwenye kadi ya gari nayo lazima ibadilishwe, hata kama ni usumbufu, maana gari lisilolingana na karatasi zake linaweza kukosa bima siku ya ajali. Lakini suluhisho la kupiga marufuku halifiki vijijini. Linaisukuma kazi nyuma ya nyumba, ambako hata hiyo saa ya kupimia haitafika. Mkaguzi anayejua kuuliza maswali mawili, zipo pini au hazipo, na nani aliyepima kitovu, angeokoa maisha zaidi ya yule anayekataa kila kitu kisichotoka kiwandani.

Kuhusu mchoro, dunia ilishaonyesha njia zamani. Injini nyingi za jenereta, pampu na mashine za kusagia hufuata kiwango cha Kimarekani cha SAE, ambacho kimezipa kengele za flaiwili namba. Namba 3 ina tundu la kipenyo cha milimita 409.6 na boliti 12, namba 4 ina milimita 362 na boliti 12, namba 5 ina milimita 314.3 na boliti 8. Mwenye mashine ya kusagia akitaka kubadili injini, anataja namba tu, na kinachokuja kinakaa. Watengenezaji wa magari madogo hawakukubaliana hivyo. Kila ukoo una mgongo wake. Lakini eneo moja la nchi halina koo mia. Magari yanayopanda na kushuka Muyinga ni ya aina chache zinazojirudia, na michoro kumi ingetosha sehemu kubwa ya kazi. Mtaa wa Buyenzi pale Bujumbura, mtaa wa Waswahili na wa gereji, una mafundi ambao tayari wanazo namba hizi mikononi. Watasema, na wana haki ya kusema, kwamba kutoa mchoro ni kutoa mkate wa watoto wao. Jibu langu ni kwamba mchoro hautoboi chuma. Anayepata namba bado atamhitaji mtu wa kukereza, wa kupima, wa kuunga klachi, na mtu huyo atalipwa vizuri zaidi akikabidhi bamba la kuaminika kwa siku mbili badala ya kubahatisha kwa wiki mbili. Shule za ufundi zingeweza kuinunua michoro hiyo kutoka kwao kwa malipo halali, jina la fundi likibaki juu yake, na kuifanya kuwa somo: mwanafunzi aliyeweza kusogeza mshale kutoka 40 hadi 14 ameelewa kipimo kuliko aliyekariri fomula.

Na asiseme mtu kwamba magari ya umeme yatakuja kuifuta kazi hii. Jijini Nairobi, kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, na sasa inaitwa Roam, ilianza kwa kutoa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kuweka mota za umeme. Kokote gari la zamani linapobadilishwa hivyo na giaboksi yake ikaachwa mahali pake, mota inafungwa kwa bamba, na mota ya umeme huvumilia kitovu kilichopotoka kwa kiasi kidogo kuliko dizeli, kwani hakuna mtetemo wa injini wa kuuficha mlio.

Kwa leo, lipo jambo ambalo gereji yoyote inaweza kulianza bila kusubiri shule wala serikali. Bamba likishapimwa na pini kupigwa, fundi achukue zile namba za chuma za kugongea na agonge ukingoni mwake vitu vinne: aina ya injini, aina ya giaboksi, unene, na upotovu wa kitovu, yaani nusu ya mshale ulivyosoma, pamoja na mwaka. Ukingo wa milimita 20 unatosha kwa herufi hizo. Zigongwe upande wa juu, kushoto kwa stata, ambako hata gari likirudi na tope jekundu lote la barabara ya Buhinyuza, kitambaa chenye dizeli kidogo kinatosha kuzifichua kwa fundi atakayelifungua baada ya miaka kumi.